Mjadala: Kuanika mwisho wa hadithi ni dhuluma, au tunakuza mambo?

Mtoa mada
Wakuu, salaam. Kila tamthilia mpya ikitoka ugomvi ni uleule: fulani kaanika mwisho, fulani kanuna. Tulichimbe. Taharuki, tulivyofundishwa, ni hamu ya kutaka kujua kitakachofuata. Sasa yapangeni haya matatu: taharuki humpata asiyejua mwisho, anayerudia hadithi anajua mwisho, anayerudia hadithi bado hushikwa na taharuki. Lolote ukilichukua peke yake linakubalika, yote pamoja hayakai. Mnalitupa lipi?

Fanani
La kwanza. Ngano ya sungura na fisi watoto wanaijua hadi wimbo wake, ukiruka kipande wanakusahihisha, na bado fisi akisogea kimya kinatanda. Mwongozaji filamu Hitchcock alimfafanulia mwenzake Truffaut jambo hili: bomu likilipuka ghafla chini ya meza ya watu wanaopiga soga, watazamaji wanapata mshtuko wa sekunde 15. Waonyeshe mapema kwamba limetegwa kulipuka saa saba, na saa ya ukutani ni saa saba kasorobo, unapata taharuki ya dakika 15 kwa maongezi yaleyale ya kipuuzi. Habari iliyotangulia ndiyo iliyoizaa.

Mzee wa Ploti
Hapo umechanganya, ndugu yangu. Watazamaji hao wameambiwa hatari, mwisho hawajaambiwa. Chukua mechi iliyorekodiwa: ukishajua ni 2–1, dakika ya 88 haikutoi jasho. Mimi natupa la tatu, kama alivyofanya mwanafalsafa Robert Yanal mwaka 1996. Anayerudia anangojea kwa hamu tukio analolijua, kisha hisia hiyo anaiita taharuki.

Dada Msomaji
Mzee, shikamoo, lakini mechi imeshachezwa. Goli lina tarehe, liko nyuma yetu. Fisi wa ngano hana tarehe. Huwezi kuhesabu miaka kutoka "hapo zamani za kale" hadi leo, kwa hiyo kila usimulizi tukio ndiyo kwanza linatokea. Mwanafalsafa Kendall Walton (1978) alitoa mfano wa mtoto anayesomewa kisa kilekile kwa mara ya kumi na kitu: nje ya mchezo wa kujifanya anajua kila kitu, ndani ya mchezo ni kweli kwamba hajui.

Fanani
Kalenda haitoshi, dada. Wanaanga watatu wa Apollo 13, chombo kilichoharibika kikielekea mwezini, walirudi salama Aprili 1970, dunia nzima inajua, na bado filamu iliyotengenezwa juu yao inakaba koo. Tofauti na mechi ni msimulizi. Yeye ndiye anayetupa lengo, anaweka kikwazo, anafunga njia moja baada ya nyingine, kisha anachelewesha. Mwanasaikolojia Richard Gerrig alilipima hili mwaka 1989: wasomaji walipewa kisa kilichotia shaka kama George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, angekubali urais, kisha wakatakiwa kuthibitisha kwamba alichaguliwa. Waliosoma toleo lenye shaka walichelewa kujibu jambo ambalo kila Mmarekani analijua shuleni. Kumbukumbu ipo, ila hadithi inaisukuma pembeni.

Mtoa mada
Na dhuluma je?

Mzee wa Ploti
Watafiti Leavitt na Christenfeld wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walitumia hadithi fupi 12 mwaka 2011. Walioambiwa mwisho walizipenda zaidi kidogo. Mwaka 2015 Johnson na Rosenbaum wakapata kinyume chake. Kwa hiyo msinirushie utafiti mmoja kama hukumu.

Dada Msomaji
Wastani wa kupenda haugusi kesi yenyewe. Asiyeambiwa anaweza kusoma bila kujua, kisha akarudia akijua, akaona jinsi mwandishi alivyoficha dalili. Aliyeambiwa amebaki na usomaji wa pili tu, na ule wa kwanza hakuna wa kumrudishia. Kwenye hadithi za upelelezi hasara hiyo ni kubwa, maana jina la muuaji likitajwa kila ushahidi wa kupotosha unageuka kichekesho tangu ukurasa wa kwanza.

Mzee wa Ploti
Kwa upelelezi, sawa, nimekubali. Lakini watazamaji wa tamthilia wa Athens, Ugiriki ya kale, walikaa kutazama habari za Oedipus, mfalme wa hekaya aliyemuua baba yake na kumwoa mama yake bila kujua, wakiijua asili yake na mwisho wake. Hao walidhulumiwa na nani?