Ramadhani ya kwanza Arusha: nijipange vipi?

Kutoka: mgeni, Njiro

Assalaam aleikum jamaa zangu.

Nimehamia Arusha kikazi mwezi uliopita, kwetu ni Mombasa, Kibokoni. Sijawahi kufunga nje ya Pwani. Kule ikifika saa kumi jioni mtaa mzima unanukia bajia, ukitoka kazini unanunua kila kitu njiani, na adhana unaisikia kutoka pande zote. Hapa natoka ofisini saa kumi na moja, nyumba niliyopanga iko mbali na msikiti, na mtaani sijaona dalili yoyote kwamba mwezi unakaribia. Nyinyi mliotangulia mnafanyaje? Futari niipate wapi, daku nile nini, na adhana nifuate ya nani? Halafu ninaishi na mama, ana kisukari, na ameshasema atafunga, hataki kusikia la mtu.

Kutoka: Sakina, Arusha

Waaleikum salaam mdogo wangu, karibu.

Kwanza sahau habari ya mji kukungoja. Huku Ramadhani ni ya nyumba moja moja. Chipsi zitakaangwa saa saba mchana kama kawaida, mama lishe watapakua wali, na mwenzako wa meza ya pili atakunywa chai mbele yako wala hana nia mbaya. Si Zanzibar hapa, ambako migahawa mingi hufunga milango mchana. Mwaka huu wa 2026 kuna nafuu kidogo: Jumatano ya Majivu imeangukia 18 Februari, na sisi mwezi tunautarajia siku hiyo hiyo au inayofuata. Kwa hiyo nao wenzetu watakuwa kwenye Kwaresima yao. Mwaka jana ilitokea vile vile, mwanzoni mwa Machi, na ofisini kwetu kelele za kuagiza kuku wa mchana zilipungua zenyewe. Waliojinyima nyama walikaa na sisi tuliofunga, tukapiga soga, saa ya chakula ikapita.

Ukitaka harufu ya nyumbani, nenda Bondeni jioni. Sambusa, kachori, tende na uji utavikuta. Lakini kutoka kazini ukapite Bondeni kisha urudi Njiro na foleni ile, magharibi itakukuta ndani ya daladala. Mimi nilishaacha mbio hizo. Mkobani nina tende na chupa ndogo ya maji kuanzia siku ya kwanza mpaka ya mwisho. Nafungua popote nilipo, chakula nakula nyumbani.

Sasa jiko, maana hapa ndipo watu wa Pwani tunapoumbuka. Nazi huku ni mgeni kama wewe, inapanda gari kutoka Tanga, na bei yake inajua imesafiri. Ukisema kila siku ukune nazi baada ya kazi, utafuturu saa tatu. Siku ya mapumziko nunua za kutosha sokoni Kilombero, zitikise moja moja usikie maji, zikune na uzikamue zote nyumbani siku hiyo. Tui zito weka kwenye vikopo vya siagi vilivyooshwa, gandisha. Tui la pili tumia siku hiyo hiyo, halikai. Jioni unatoa kikopo, unakitumbukiza kama kilivyo kwenye sufuria ya magimbi yaliyokwisha iva, moto mdogo, unakoroga taratibu lisikatike. Na usinunue zile za bei poa zilizokaa juani, nyingine ukivunja ni sabuni.

Na usiing'ang'anie nazi kila siku. Wenyeji wana vitu ambavyo ni futari tupu, ila wao hawaviiti hivyo. Mtori, kwa mfano. Ndizi mshare zimenye, zichemshe na nyama ya mfupa, kitunguu na chumvi, mpaka ndizi zianze kupasuka. Toa mifupa, chambua nyama, kisha ponda kwa mwiko au upige kwa kipekecho mpaka iwe laini, rudisha nyama, ongeza maziwa kidogo na pilipili manga. Wachaga humpa mzazi anywe apate nguvu. Kwa mtu aliyeshinda njaa ni chakula kinachoshuka chenyewe, tumbo halishtuki. Nyumbani kwangu watoto sasa wanauliza mtori kabla ya kaimati, na mimi mtu wa Mji wa Kale sijui nitamwambia nini bibi yao.

Jambo moja la tahadhari: ukinunua chipsi au samaki wa kukaanga kwenye baa au grosari, uliza mafuta yamekaangia nini. Kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, huku inauzwa wazi na karai huwa ni hilo hilo. Hawakufichi ukiuliza, kuuliza ndiko tunakosahau.

Daku kula kitu kizito: wali wa jana na maharage, au uji wa ulezi wenye maziwa na ndizi mbivu. Chai ya rangi kikombe kimoja basi. Na angalia LUKU kabla hujalala! Umeme ukiisha saa kumi usiku, kununua unanunua kwa simu, sawa, lakini uipapase mita gizani na dakika zinakwenda.

Kutoka: Bondeni, Arusha

Nyongeza kwa aliyoyasema Bi Sakina, maana hili la saa linanikaa kooni kila mwaka.

Msifuturu kwa adhana ya televisheni. Inayoadhiniwa Dar es Salaam ni magharibi ya Dar es Salaam. Jua linazama kwanza mashariki, na Arusha iko magharibi ya Pwani. Kila digrii moja ya longitudo ni dakika nne. Mombasa iko karibu digrii 39.7, Arusha karibu 36.7, basi ni dakika kumi na mbili. Katikati ya Februari jua la Mombasa linatua kiasi cha saa kumi na mbili na dakika arobaini na mbili. Hapa ni saa moja kasoro dakika sita hivi. Kwa Dar tofauti Ramadhani hii ni dakika saba mwanzoni mpaka kumi mwishoni. Mtu aliyefunga saa kumi na tatu na nusu anaiharibu siku yake kwa sababu ya dakika saba, jua analiona kwa macho yake juu ya vilima vya Monduli, lakini sanduku limesema Allahu Akbar.

Alfajiri ni kinyume chake. Ukijizuia kwa saa za Mombasa hukupoteza ila dakika za kula. Tatizo ni swala: ukisali alfajiri kwa adhana ya Mombasa umesali kabla ya wakati. Kwa hiyo dada, fungua ile programu ya saa za swala kwenye simu, uhakikishe haidhani bado uko Kibokoni. Andika mji mwenyewe. Hata Moshi na sisi tunapishana kama dakika tatu.

Kuhusu mwezi: kwenu anatangaza Kadhi Mkuu, hapa anatangaza Mufti kupitia BAKWATA, baraza la Waislamu la Tanzania, na wapo pia wanaofuata mwezi popote utakapoonekana. Utasikia watu wa mtaa mmoja wanaanza siku mbili tofauti. Usiingie kwenye ugomvi huo, hautaumaliza wewe. Tulivyofundishwa chuoni ni kufunga na kufungua na watu wa pale ulipo. Ukienda Mombasa kumalizia mwezi, unasali Idd na watu wa Mombasa. Ikitokea umefunga siku 28 tu, unalipa moja. Na ukisafiri mchana kwa basi kupitia Himo na Holili kuelekea Voi, unakwenda mashariki, siku inakupungukia kidogo. Ukija huku inakuongezekea. Hesabu hiyo ifanye kabla hujakata tiketi.

Msiniulize tena kama Arusha–Moshi ni safari ya kumruhusu mtu kula. Barabara ni kama kilomita 80, na marhala mbili, yaani umbali wa safari unaoruhusu kula, kila kitabu kinaikadiria kwa namna yake, wengine 81, wengine zaidi. Tumebishana juu ya kilomita hiyo moja tangu lami haijatanuliwa. Mwenye shida amwendee sheikh wake.

Kutoka: Majengo, Moshi

Shikamoo ami. Mimi ni mgumu, yaani mpagazi, napandisha wageni Mlima Kilimanjaro, na haya ya saa nayaunga mkono kwa ushahidi wa mlimani kabisa.

Ukiwa kambi ya Shira, mita 3,800 na kitu, upande wa magharibi uko peupe. Simu ikiadhini kwa saa za Moshi, jua bado unaliona, linakaa tena dakika kama tano sita ndipo lizame. Aliye juu anaona mbali zaidi ya aliye bondeni. Dubai walishatolea hukumu jambo hili mwaka 2011 kwa wanaokaa kwenye lile jengo refu la Burj Khalifa: wa ghorofa ya 80 kwenda juu wangoje dakika mbili, wa juu ya 150 dakika tatu. Sisi Shira tuko juu kuliko jengo hilo mara kadhaa, na hatuna lifti.

Ila nisiwadanganye, wengi wetu hatufungi siku za kupanda. Mzigo unaruhusiwa mpaka kilo 20, hewa kavu, na kule juu mwili unataka maji lita tatu nne kwa siku, bila maji kichwa kinakupasuka na ugonjwa wa mwinuko unakuvizia. Ni safari na ni mashaka, ruhusa ipo. Tunalipa Aprili na Mei, masika yanaponyesha na kazi inalala. Kuna wenzetu wanaoficha kwamba wamefunga ili wasikose zamu. Hao nawaombea, lakini mkuu wa msafara ana haki ya kujua.

Kwa dada: Moshi kuna joto kuliko Arusha, mko pazuri. Februari hii vumbi na jua la huku mtu wa kiwandani au wa shamba analijua.

Kutoka: mgeni, Njiro

Jazakumullahu kheri nyote. Nimefungua simu sasa hivi, kweli ilikuwa bado na saa za Mombasa.

Bado mawili. Bosi wangu si Mwislamu na ni mgeni wa nchi hii pia, nianzie wapi kumwambia? Na mama?

Kutoka: Sakina, Arusha

Bosi mwambie mapema, kabla mwezi haujaandama, na umwambie unachotaka, si unachoumia. "Naomba mwezi huu nisipumzike mchana, nitoke saa kumi badala ya kumi na moja." Hilo linampa jambo la kujibu. Vikao vizito omba viwe asubuhi, baada ya saa nane akili zote zinalala, zetu na zao. Na kama wewe ni mtu wa kahawa, na Arusha hii kila kona kuna kahawa, anza kupunguza wiki hii. Kichwa cha siku tatu za mwanzo mara nyingi ni kahawa inadai, si njaa.

La mama namwachia dada yetu muuguzi.

Kutoka: Pasua, Moshi

Nipo. Mpeleke mama kwa daktari wake kabla ya mwezi, wiki hii, si siku ya daku ya kwanza. Dawa msizihamishe wenyewe. Kuna vidonge ambavyo vinahamishika saa bila taabu, kuna vingine, na hasa sindano za insulini, ambavyo vikibaki kipimo kile kile na tumbo tupu vinaweza kumwangusha. Daktari akisema asifunge, fidia ya kulisha maskini ipo, na imewekwa kwa watu kama yeye.

Akiruhusiwa, awe na kile kipimo cha kidole. Wazee wengi wanakikataa mchana wakidhani tone la damu linabatilisha funga. Kwa wanazuoni wengi halibatilishi. Apime katikati ya asubuhi, apime alasiri, na apime wakati wowote akijisikia kutetemeka, kutoka jasho la baridi au kusema maneno yasiyoshikana. Sukari ikishuka chini ya 3.9 (mmol/L) anafungua hapo hapo, hata kama zimebaki dakika kumi. Ikipanda kupita 16.6 vile vile. Mashine nyingine zinasoma kwa vipimo vya 70 na 300 (mg/dL), ni viwango hivyo hivyo.

Nitakwambia panapowashinda: dakika kumi za mwisho. Mama zetu hawa, ukimwambia afungue na adhana inakaribia, atakuangalia kama umemtukana. Zungumza naye leo, akiwa ameshiba. Mwambie kwamba anayejiua kwa sababu ya dakika kumi hakuongeza thawabu. Akikataa, mpigie sheikh anayemheshimu, amwambie yeye. Na futari yake ianze kwa tende moja, si tano, na maji. Kaimati za shira aziangalie kwa mbali. Mtori aliousema Bi Sakina anywe bakuli dogo, ndizi ni wanga.

Kutoka: Sakina, Arusha

Ahsante muuguzi. Mgeni, Jumamosi asubuhi naenda Kilombero kwa ajili ya nazi na tende. Kama unataka nikuchukulie, nitumie idadi kabla ya Ijumaa usiku, na uje na kapu lako na vikopo. Mifuko ya plastiki hapa ilikatazwa tangu 2019, usije nayo.