Stika za injini ya Datsun: nichapishe Mombasa, nitumie skrini au niagize nje?

Makupa73
Salaam kwenu, wapenzi wa magari ya kale. Datsun yangu imetoka kupakwa rangi, na injini inatarajiwa kurudi mahali pake kabla ya mwezi kwisha. Kinachonikwamisha ni stika za injini, kwa sababu zile za awali ziliondoka zote fundi alipoisafisha kwa dizeli na brashi ya waya, nami nimebaki na kipande kimoja kilichopasuka katikati. Nimepata njia tatu. Duka la kuchapisha mabango hapa Mombasa litanitolea za vinili, ile plastiki nyembamba ya kubandika, siku hiyohiyo. Kijana mmoja wa Nairobi anachapa kwa skrini, yaani kwa kusukuma wino kupitia kitambaa cha wavu, lakini hapokei kazi iliyo chini ya nakala hamsini. Na Marekani kuna seti zilizo tayari, ila gharama ya kuzisafirisha inakaribia bei ya seti yenyewe. Ipi itadumu?

FundiGerezani
Ndugu yangu, hujatuambia lolote la kutuwezesha kukujibu. Ni Datsun ipi, ya mwaka gani, yenye injini gani? Stika hizo zinakaa wapi hasa, na zinabandikwa juu ya rangi au juu ya aluminiamu? Je, gari litaendeshwa kila wiki, au litapelekwa kwenye maonyesho?

Makupa73
Niwieni radhi. Ni 240Z ya 1972 yenye injini ya L24. Ninahitaji stika ya boksi la eya klina (kichujio cha hewa), stika za maelezo zinazokaa chini ya boneti, na maandishi ya NISSAN yaliyo juu ya tapeti kava, yaani mfuniko wa juu wa injini. Gari litaendeshwa, lakini nina ndoto ya kulifikisha Nairobi kwenye maonyesho ya magari ya Concours d'Elegance.

FundiGerezani
Sasa tunaweza kuzungumza. Kwanza, liondoe tapeti kava kwenye orodha yako. Maandishi ya pale si stika. Yamesubuliwa pamoja na kava lenyewe, yakainuka juu ya aluminiamu, na yanachohitaji ni kusafishwa taratibu na kung'arishwa kwa msasa laini. Pili, kumbuka kwamba katika injini za aina ya L, kama L24 yako, kabureta na eksozi ziko upande mmoja, eksozi ikiwa chini. Kwa hiyo boksi la eya klina linapokea joto la eksozi, na joto hilo huzidi mara tu unapozima injini, kwa kuwa feni imesimama na hakuna upepo unaopita. Stika inayodumu miaka kumi kwenye mlango inaweza kujikunja pale kwa muda mfupi sana.

WinoNaSkrini
Mimi ni mchapaji, nami nasema bila kusita kwamba skrini ndiyo njia sahihi. Mashine nyingi za mabango zinatumia rangi nne tu, hazina wino mweupe wala wa fedha, kwa hiyo rangi ya fedha utakayopewa itakuwa kijivu kilichotengenezwa kwa vitone, na jicho lililozoea litakiona papo hapo. Skrini inaweka tabaka nene la wino uliochanganywa kwa rangi unayoitaka hasa. Mwambie kijana wa Nairobi achape kwenye poliesta badala ya vinili, maana poliesta nzuri inavumilia joto la karibu nyuzi 150, ilhali vinili ya kawaida huanza kusumbua kabla ya kufika 100.

BintiWaKilindini
Kaka Makupa, naomba unisikilize kabla hujalipa mtu wa mabango, kwa sababu njia hiyo niliipita mwenyewe nilipokuwa nikilitengeneza gari la marehemu baba. Duka lilinichapia asubuhi, likaweka laminesheni (tabaka la plastiki la kukinga) mchana, na jioni nikabandika. Zilipendeza mno, hata nikawatumia ndugu zangu picha. Safari ya kwanza ya mbali ilikuwa ya Voi, na nilipofungua boneti pale nilikuta pembe mbili zimeinuka kama jani lililokauka. Nilizikandamiza kwa kidole nikaendelea. Wiki chache baadaye kabureta moja ilifurika, petroli ikatiririka juu ya boksi, ikaingia chini ya laminesheni kupitia zile pembe, na wino ukayeyuka ukawa doa la zambarau. Lililoniuma zaidi ni kwamba nilipoibandua stika, gundi iliondoka na rangi mpya ya boksi, rangi niliyoilipia kwa miezi miwili ya akiba. Baadaye mtu mwenye ujuzi alinieleza kwamba wino wa mashine zile unapaswa kukaushwa angalau siku nzima kabla ya laminesheni, la sivyo viyeyushi vinanaswa ndani na kuilainisha gundi. Kwa hiyo ukiahidiwa kazi ya siku hiyohiyo, hilo pekee ni sababu ya kuondoka.

FundiGerezani
Pole sana, dada. Naongeza kwamba vinili nazo si moja. Ile ya bei nafuu hutandazwa kwa rola, na ikipata joto hutaka kurudi kwenye umbo lake la awali, ndiyo maana pembe zikainuka. Ile ya kumiminwa ni nyembamba zaidi na haina tabia hiyo.

MzeeWaNgong
Vijana wangu, mnazungumzia uimara peke yake, ilhali mwenzenu ametaja maonyesho. Injini hukaguliwa pale, na stika inayong'aa kama kioo kwenye gari la 1972 inajitangaza yenyewe kuwa ngeni. Hata hivyo seti ya Marekani inunuliwe kwa uangalifu, kwa kuwa ndani yake mna stika za kanuni za moshi za nchi ile, ambazo gari lenye usukani wa kulia lililouzwa huku halina sababu ya kuwa nazo. Pia kile kibao cha chuma chenye namba za chasisi kisichapishwe upya na mtu yeyote, hata kama kimechakaa.

Zedi_Arusha
Mimi ningeongeza stika ndogo ya mbio za magari za Safari Rally chini ya boneti. 240Z ilishinda 1971 kwa mikono ya Edgar Herrmann na tena 1973 kwa mikono ya Shekhar Mehta. Hiyo ni heshima yetu sote.

MzeeWaNgong
Heshima ipo, mwanangu, na mwaka 1973 Mehta alilingana pointi na Harry Källström, aliyekuwa na Datsun pia, hadi mshindi akatafutwa kwa kanuni ya kuvunja sare. Lakini gari la Makupa lilitoka dukani, halikutoka kwenye mashindano.

Zedi_Arusha
Shikamoo mzee, lakini gari ni lake, na kumbukumbu ni sehemu ya thamani ya gari.

WinoNaSkrini
Turudi kwenye kazi. Makupa, kile kipande kiskaniwe kikiwa bapa kwa dipiai 600 (vitone 600 kwa inchi), rula ikiwa kando yake, kisha herufi zichorwe upya kwa vekta, yaani kwa mistari ya kompyuta isiyopoteza ukali ikikuzwa. Usikubali mtu achague fonti inayofanana tu. Nakala hamsini si nyingi ukipata wenzako watano wenye gari hilohilo.

Makupa73
Nashukuru nyote. Mombasa nimeiacha. Nitaskani kipande Jumatatu, ingawa nusu ya chini ya maandishi haipo. Kuna yeyote mwenye boksi la awali ambalo halijaguswa, anayeweza kunipimia urefu wa stika?

BintiWaKilindini
La baba lilikuwa nalo, lakini ndilo lile lililoharibika. Nitamuuliza mjomba aliyeko Tanga.