Naomba ushauri: kuagizwa kuweka namba 1200 ya transponda ndani ya eneo lililozuiwa kwa muda
Ndugu marubani, naomba ushauri. Rais wa Marekani anaposafiri, FAA (mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani) kwa kawaida huzuia anga la duara lenye nusu kipenyo cha maili 30 za baharini, na ndege binafsi haziruhusiwi katika maili 10 za ndani. Duara la nje hupitika kwa mpango wa safari, namba maalumu ya transponda (kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada) na mawasiliano na mwongoza ndege. Je, iwapo mwongoza ndege, pengine kwa kuzidiwa na kazi, atasitisha huduma na kuniagiza niweke 1200 (namba ya kawaida ya ndege zinazoruka kwa kuona, isiyonitambulisha mimi hasa) nikiwa bado ndani, nitii mara moja, au nimkumbushe zuio na kuomba nibaki na namba yangu? Naelekea kwenye la pili, kwani leseni iliyo hatarini ni yangu. Mwenye maneno mafupi yanayofaa redioni anisaidie.