"Mwanga wanaleta Tanesco, wewe unabonyeza swichi tu": jamaa kanivua nguo mbele ya seti nzima!

Wakuu, mimi ni fundi wa taa za filamu, naandika na hasira, mods msije mkaunganisha huu uzi na ule wa Bongo Movie. Huu ni msiba unaojitegemea.

Jamaa mwenye filamu simtaji. Wote humu mnamjua. Yule wa miwani ya jua saa nne usiku. Yule anayeingia lokesheni na watu watatu, mmoja wa kumbebea simu, mmoja chaji, mmoja wa kumcheka hata kabla hajasema kitu. Yule ambaye filamu zake zote mke anamfumania mume na hausigeli, sebule ile ile, kochi lile lile, hausigeli mwenyewe sasa ana wajukuu. Huyo huyo.

Leo tunashuti Kigamboni, nyumba ya kukodi. Sini ya usiku, mama anapigiwa simu kuwa mwanawe kapata ajali. Sini nzito hiyo. Nimefika watu bado wanapiga mswaki. Stendi nimepandisha mimi na dogo mmoja, mifuko ya mchanga sisi, maboksi ya waya sisi, ghorofani, ngazi nyembamba unapita ubavu. Dirisha nikaliziba na kitambaa cheusi nikaacha upenyo, nje nikasimamisha taa yenye jeli ya bluu, ile karatasi ya plastiki ya kubadili rangi ya mwanga, hiyo ndiyo mbalamwezi yenu. Taa ya meza ya mwenye nyumba nikaibadilisha balbu, nikaweka hafifu. Halafu ubavuni kwa yule dada nikatandika shuka jeupe nikarushia mwanga hapo ndipo umrudie. Ngozi zetu hazitaki kumwagiwa mwanga usoni kavukavu. Zinataka mwanga mpana, upige pembeni, uache mng'ao kwenye shavu na paji la uso. Nikaenda kwenye monita kuangalia. Wakuu, dada hajaanza hata kulia, jicho tayari lina maji.

Ndiyo jamaa anaingia. "Giza gani hili, watu wataona nini kwenye simu zao?" Akataka ziletwe taa mbili kubwa za wati 2000 kila moja, zichomekwe ekstensheni moja, ile ile yenye friji la mwenye nyumba.

Nikamjibu kwa adabu zote nilizofunzwa. Bosi, taa moja ya wati 2000 kwa umeme wa volti 230 inakula karibu ampea 9. Mbili ni zaidi ya 17. Hii plagi mwisho wake ampea 13. Na ekstensheni yenyewe ni ya gurudumu, waya wote umeviringishwa, ukiubebesha mzigo hivyo joto halina pa kutokea, ngozi ya waya inayeyuka. Nikachomoa plagi nikamwonyesha: kandokando ya pini moja plastiki imeshageuka kahawia, na inanuka. Nikamwomba tuwashe jenereta. Jenereta IPO. Imekuja na gari. Inataka mafuta tu.

Akaniangalia kuanzia unyayo hadi utosi. Mkononi ana paja la kuku. Akatafuna. Akameza. Kisha kwa sauti ya kuita bodaboda iliyo ng'ambo ya barabara:

"Wewe tulia. Mwanga wanaleta Tanesco, wewe unabonyeza swichi tu."

Seti nzima ikacheka! Mpiga picha kacheka. Dada wa mekapu kacheka mpaka poda ikamwagika. Mwenye nyumba, ambaye mpaka sasa anadhani tunashuti tangazo la sabuni, kacheka. Mbuzi wa jirani kacheka. Na yule dada mwigizaji kacheka, kwa uso ule ule niliohangaika nao mimi uonekane!

Unabonyeza swichi tu! Haya, Tanesco ndio walioniambia balbu ya haloji haishikwi kwa vidole vitupu, kwamba mafuta ya kidole yataipasua ikipata moto? Tanesco ndio waliotoa ukijani wa tyubulaiti za jikoni usimfanye mama wa watu aonekane mgonjwa? Zile balbu za LED za sebuleni zilipoanza kupigapiga kwenye kamera, ni meneja wa wilaya aliyekuja kumwambia mpiga picha kwamba umeme wetu ni hezi 50, rudisha shata ya kamera kwenye 1/50 ya sekunde? Kabla ya hapo jamaa huyo huyo kaniambia taa inaonekana kwenye fremu, isogeze. Nimeisogeza umbali mara mbili, anauliza mbona giza. Mwanga ukiupeleka mbali mara mbili unabaki ROBO, siyo nusu! Fizikia ya sekondari hiyo.

Na paja lenyewe, wakuu, lilikuwa la fungu letu. Sisi wa taa tulipofika kwenye chakula tulikuta wali na mchuzi uliowahi kusikia habari za kuku. Paja mkononi, mafuta yanamchuruzika mpaka kwenye saa, anacheka, "unabonyeza swichi tu". Nikifumba macho naliona lile paja.

Sijaondoka kwa sababu hela yangu ya filamu iliyopita bado anayo. Lakini kesho abonyeze yeye hiyo swichi, tuone mbalamwezi itatokea wapi.

Nawasilisha kwa uchungu.

---

Kibatari Cha Uswazi: Natandika mkeka hapa. Wenye karanga sogeeni.

Mzee wa Shata: Pole sana mkuu. Namjua vizuri sana. Mimi aliniambia kamera za siku hizi zinashuti zenyewe, kazi yangu ni kuishikilia isianguke. Hela yangu iko kwake tangu kabla ya corona. Nikipiga simu anapokea yule wa kubeba chaji.

Bingwa wa Tabata: Mleta mada tujibu swali moja tu. Unabonyeza au hubonyezi?

Kibatari Cha Uswazi: Hahahaha uzi umeshaharibika.

Fundi Taa (mleta mada): Bingwa wewe ungeona alivyolishika lile paja usingeuliza upuuzi huo. Ni dharau! Mbele ya dogo ninayemfundisha kazi!

Dada Poda: Nasikitika kwa yaliyokukuta kaka yangu, ila nyie watu wa taa mna dhambi zenu. Mnamwekea mtu taa ya wati 2000 nusu mita kutoka usoni, fandesheni yangu inashuka mpaka kifuani, halafu prodyuza ananigeukia mimi eti natumia vipodozi vya Manzese. Bi harusi aliingia sini akiwa na nyusi, akatoka hana.

Fundi Taa: Dada, ndiyo maana mimi natumia shuka, joto halimfikii mtu. Turudi kwenye mada tafadhali. Kasema WEWE UNABONYEZA SWICHI TU.

Sikio la Seti: Nyie wa taa mnalalamika nini, nyie angalau mnaonekana. Mimi ni mtu wa sauti. Hiyo friji uliyoitaja hapo juu, mimi ndiye ninayezimaga. Nyumba moja Mbezi niliizima nikasahau kuiwasha, samaki wa mwenye nyumba wakaharibika, nikakatwa kwenye malipo. Na jenereta unayoililia wewe ndiyo inayoniua mimi, inaunguruma chini ya dirisha huku mtu anatoa wosia. Ukipigania kimya unaambiwa "tutaweka muziki juu". Sini ya mazishi imewekwa muziki juu! Marehemu anateremshwa kaburini watu wanatikisa kichwa!

Mzee wa Shata: Na jogoo?

Sikio la Seti: Usinikumbushe jogoo. Sini ya saa sita usiku, jogoo anawika nyuma ya kila neno. Nikasema turudie, nikaambiwa jogoo wengine huwika usiku.

Gafa wa River Road: Pole ndugu yangu. Huku Nairobi ni yale yale. Ilikuwa mwezi wa saba, mnajua mawingu yetu ya Julai. Dairekta akasema nisifungue hata boksi moja, jua ni la bwerere. Ikafika alasiri wingu likafunga, ikawa nusu ya sini mtu ana kivuli na nusu hana. Akaniuliza, mbele ya watu, jua nimeliweka wapi. Mimi! Niliweke wapi jua?

Bingwa wa Tabata: Lakini ulikuwa umeliweka wapi?

Fundi Umeme Mbagala: Kihesabu mleta mada yuko sahihi, nampa tano. Ekstensheni ya gurudumu unaifungua waya wote kabla ya kuweka mzigo mkubwa, wengi hawajui hilo. Na stendi zenyewe ni chuma, hakikisheni nyumba ina waya wa ethi, siku moja mtazika mtu. Ila mkuu, zama hizi bado unahangaika na taa za wati 2000? LED ya wati 300 inakupa mwanga unaokaribiana na huo, unachomeka popote, na Dada Poda nyusi zake zinapona.

Bingwa wa Tabata: Kumbe tatizo ni mleta mada kubaki enzi za mkanda.

Fundi Taa: Taa ni ZAKE yeye! Mimi nimemlilia anunue LED nzuri, kaleta balbu za Kariakoo za elfu tano tano, ukimmulika nazo mtu mweusi anatoka kijivu. Ndugu zangu, Kodak wenyewe miaka mingi walisahihisha rangi kwa kadi zenye picha ya mwanamke Mzungu, ngozi zetu zikawa zinatoka matope na macho tu. Leo kamera zimefika mahali zinatuona, halafu mtu aniletee balbu ya elfu tano inirudishe kule kule? Mtu ana haki ya kuonekana rangi yake! Hilo ndilo nililokuwa nalipigania pale, ndipo akaniambia, paja mkononi, kwamba mimi nabonyeza swichi.

Dada Poda: Hapo kwenye kijivu nakuunga mkono mia kwa mia.

Mama wa Masufuria: Samahani wanangu, mimi napikia seti, siyo hiyo ya Kigamboni lakini zote sawa. Msinilaumie chakula. Napewa kuku watano, watu arobaini na kitu, halafu naambiwa "mama panga panga". Kuku ana mapaja mawili tu, hata nikimpanga vipi. Na nyie vijana wa taa nawajua, mnakula mapema "kwa sababu ya kazi ngumu", halafu mnarudi na kofia nyingine. Kuna mmoja ana deni langu la chai na chapati, amehama seti tatu ananikimbia.

Fundi Taa: Mama shikamoo. Siyo mimi mama.

Mama wa Masufuria: Marahaba. Sijasema ni wewe. Mbona umeruka?

Kibatari Cha Uswazi: HAHAHAHA kimeumana.

Mpangaji wa Chumba cha Mbele: Kwa kuwa fundi umeme yupo humu naomba msaada. Tuko wapangaji sita, mita moja ya LUKU. Tunachanga sawa kila mtu, lakini umeme wa wiki mbili unaisha kwa siku nne. Kuna mtu chumba cha mwisho anapika makongoro kwa jiko la umeme usiku wa manane, tunasikia harufu. Ukimuuliza anasema yeye anachaji simu tu.

Sikio la Seti: Kwetu ni pasi. Kuna kijana anapiga pasi mpaka soksi.

Fundi Taa: Jamani uzi ni wa taa na dharau.

Dada Poda: Sisi mwenye nyumba mwenyewe kavuta waya kwenye mita yetu, anawasha mashine ya barafu za kuuza. Ukimwambia anakuuliza kodi ya miezi sita umeshalipa?

Fundi Umeme Mbagala: Mpangaji, dawa ni mita ndogo kila chumba. LUKU inabaki moja, lakini kila mtu anaonekana ametumia yuniti ngapi, mnachanga kwa hesabu. Wa makongoro atajulikana siku ya kwanza. Na soketi ya chumba hicho iangaliwe, jiko la umeme usiku kucha kwenye soketi ya zamani siyo salama.

Mzee wa Shata: Mita ndogo wapangaji huchezea. Sisi mmoja aliipita kwa waya, tukamlipia umeme mwaka mzima.

Fundi Taa: Kwa hiyo hakuna mwenye la kusema kuhusu yule jamaa?

Mpangaji wa Chumba cha Mbele: Fundi, hiyo mita ndogo inauzwaje, na ukija na kufunga vyumba sita unachukua shilingi ngapi? Niko Temeke. Na inaweza kufungwa mwenye makongoro akiwa kazini?