Aliyesoma sayansi kwa mkopo wa serikali alazimishwe kufanya kazi ya sayansi?

Wadau, hapa Dodoma kuna hoja inasikika vijiweni na hata maofisini: kijana aliyesoma fizikia, kemia au baiolojia kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, kisha akaenda benki, bima au ununuzi, amekula fedha ya umma bure. Wenye hoja hiyo wanataka afungwe kwa mkataba, atumikie darasani au maabara miaka kadhaa ndipo awe huru. Mimi napinga.

Mkopo ni mkopo. Mwajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe, awe mwalimu wa kemia Kondoa au afisa wa benki hapa mjini. Akimaliza kulipa, hadaiwi.

Lakini kubwa zaidi ni hili: alichojifunza anakwenda nacho. Ofisini kwetu kuna dada mwenye digrii ya fizikia, yuko manunuzi. Zililetwa zabuni za pampu ya kisima: maji yapande mita 120, lita 10,000 kwa saa. Mzabuni wa bei ya chini kabisa alileta pampu yenye mota ya kilowati 2.2, na makaratasi yake yamenyooka, leseni, TIN, mihuri yote. Dada akashika kalamu, akazidisha uzito wa maji kwa kimo, akagawa kwa muda. Jibu likazidi kilowati 3, hata kabla ya kuhesabu nguvu inayopotea kwenye mota na bomba. Pampu ile isingeweza kutoa maji yanayotakiwa, na sisi wengine tulikuwa tumeshaishia kwenye bei. Kwa mkoa wenye mvua za msimu mmoja, kosa kama hilo linawarudisha kina mama kufukua mchanga wa korongo kutafuta maji.

Hayati Magufuli alisomea ualimu wa kemia na hisabati, akafundisha Sengerema, akawa mkemia kwenye chama cha ushirika cha Nyanza, na mwaka 1995 akaingia bungeni. Naye tungemfunga mkataba?

Karibuni.

Mwalimu, Bahi: Mtoa mada, heshima yako, lakini njoo huku kwetu. Mimi ni wa hisabati, fizikia nimebebeshwa kwa sababu hakuna wa kuifundisha. Kemia ndiyo usiseme: kuna watoto wanaishika bureti, ile mirija ya kupimia kimiminika maabara, kwa mara ya kwanza siku ya mtihani wa vitendo. Huyo dada wa pampu namheshimu sana, ila na yeye kuna mtu alimfundisha hiyo hesabu akiwa sekondari. Wa kuwafundisha hawa wangu yuko wapi? Yuko mjini.

Mdau, Mtumba: Na wale wa Samia Skolashipu je? Tangu 2022/23 serikali inawalipia waliofanya vizuri zaidi sayansi kidato cha sita. Huo si mkopo, hapo hoja ya asilimia 15 haipo.

Mtoa mada: Mdau wa Mtumba, hapo nakubali kuna la kuzungumza. Anayesomeshwa bure anaweza kuwekewa sharti, mradi aambiwe kabla ya kusaini, asije kushtukizwa akiwa mwaka wa tatu.

Mwalimu wangu wa Bahi, shikamoo, maneno yako yameniuma. Ila huyo unayemtafuta mara nyingi hajakimbilia benki. Wapo vijana waliosomea hasa ualimu wa sayansi, wana vyeti vyao, wamekaa nyumbani wanasubiri kibali cha ajira kitoke. Wengine wanaendesha bodaboda kule Ng'ong'ona, jirani kabisa na chuo walichosoma. Kila nafasi zikitangazwa wanaomba, wanakosa. Ukimfunga mkataba wa kufundisha mtu ambaye nafasi yake haijafunguliwa, atafundisha wapi? Na huyo dada ukimtoa manunuzi kwa nguvu, shule yako itapata mtu anayehesabu siku za kuondoka, na kamati ya zabuni itabaki na sisi tunaoangalia bei.

Nafasi zifunguliwe, mwalimu wa fizikia wa Bahi apewe nyumba na posho ya mazingira magumu. Hapo ndipo ningependa tubanane: mwalimu, kwa hao vijana waliokosa ajira, shule yenu ina nafasi ngapi za sayansi zilizo wazi ambazo halmashauri haijaziombea kibali?