Ufa juu ya nyumba, chini ya Mteremko wa Nandi: nipime nini?

Wa_Kabras
Habari wadau. Shamba liko upande wa Malava, Kakamega, magharibi mwa Kenya, chini ya Mteremko wa Nandi. Hatua thelathini hivi juu ya nyumba pametokea ufa uliopinda kama mwezi mchanga, urefu mita 12, vidole viwili vinaingia. Masika hayo yanakuja. Nitajuaje kama kilima kitashuka? Na je, nichimbe fanya juu hapo (mtaro ambao udongo wake hutupwa upande wa juu) kupunguza kasi ya maji?

Pimamaji
Anza na mteremko. Laza ubao wa mita 1, ncha moja iguse ardhi upande wa kilimani. Weka pimamaji juu yake, inua ncha ya pili mpaka povu likae katikati, kisha pima kutoka ncha hiyo hadi chini. Sentimita 36 ni digrii 20, 58 ni 30, 70 ni 35. Rudia mahali kama patano. Na usichanganye digrii na asilimia: ile kanuni ya kutolima mteremko unaozidi asilimia 35 ina maana ya sentimita 35 kwa mita, yaani digrii 19 tu.

Ufa sasa. Nyufa za ukame huwa nyingi, hukatana kama wavu, na mvua ya kwanza huziziba. Ufa mmoja uliopinda ni habari nyingine. Pitisha kiganja kutoka upande wa juu kwenda wa chini: ukikuta kidaraja, yaani upande wa chini umekaa chini kama ngazi, ardhi imeshaanza kushuka. Kama hakuna, pigilia vigingi viwili vya chuma, kimoja kila upande, upime nafasi kati yake kila asubuhi. Upana wenyewe hautishi sana. Kinachotisha ni kasi kuongezeka, leo milimita 1, kesho 3, keshokutwa 8.

Mama Mitaro
Fanya juu hapo hapana, ndugu yangu! Ile imeundwa kushika maji yazame, na maji yakizama juu ya ufa, udongo unakuwa mzito na kulegea kwa pamoja. Chimba mtaro wa kuyapitisha, mita kadhaa juu ya ufa, ushuke nusu mita kwa kila mita 100, uishie kwenye mkondo wenye nyasi au mawe. Si kwa jirani. Ufa ujaze udongo wa mfinyanzi, ushindilie kila sentimita 10, juu uache mgongo ili maji yateleze.

Usikate ukingo wa chini kupanua boma. Na kama kuna mikaratusi iliyokatwa huko juu, visiki visikudanganye kwamba bado vinashika: mizizi huoza ndani ya miaka michache.

Wa_Kabras
Asanteni. Ubao umetoa 61. Kidaraja kipo, sentimita 4. Mlango wa jikoni nao umeanza kukwama.

Pimamaji
Basi achana na vigingi. Mjulishe chifu leo, na mvua ikinyesha usiku familia ilale kwingine. Maporomoko ya ardhi ya Pokot Magharibi Novemba 2019 yaliwakuta watu usiku. Mto ukipungua ghafla mvua ikiendelea, umezibwa huko juu: tokeni kwa ubavu, msifuate bonde. Wala msirudi kuchimbua mara moja. Kule Khuvasali, Kakamega, Agosti 2007, udongo ulishuka tena juu ya waliokuja kuokoa.