Gary Hendrix: aliiacha akili unde au aliipeleka sokoni?

Mdadisi

Wanajukwaa, salaam. Kwa miaka mingi nimelijua jina la Symantec kama jina la kampuni ya programu za kukinga kompyuta dhidi ya virusi, wala sikuwahi kujiuliza lilitoka wapi. Hivi karibuni, nikisoma juu ya historia ya akili unde (AI), nilikuta kwamba mwanzilishi wake, Gary Hendrix, alikuwa mtafiti wa lugha katika taasisi ya SRI huko California miaka ya 1970, na kwamba kampuni aliyoianzisha mwaka 1982 haikuhusika na virusi hata kidogo. Naomba kueleweshwa: mtu aliyejitolea kuifundisha mashine ielewe lugha ya binadamu alifikaje kwenye biashara, na je, ni haki kusema kwamba aliiacha sayansi yake?

Mwanaisimu

Ndugu Mdadisi, sehemu ya jibu imo katika jina lenyewe, ambalo liliundwa kwa kuunganisha maneno ya sintaksia (mpangilio wa maneno katika sentensi), semantiki (maana) na teknolojia. Hayo mawili ya kwanza ndiyo yaliyokuwa kazi yake. Alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Texas, Austin, akiwa amejishughulisha na namna ya kuhifadhi maana ndani ya kompyuta, kisha pale SRI akawa miongoni mwa waliotengeneza mfumo ulioitwa LADDER, ambao makala yake ya mwaka 1978 bado hutajwa na wanaisimu kompyuta.

LADDER ilimwezesha mtu kuuliza kwa Kiingereza cha kawaida kuhusu meli za Jeshi la Majini la Marekani, naye akajibiwa kutoka katika hifadhidata zilizotawanyika kwenye kompyuta kadhaa, bila kujua taarifa ipi iko wapi. Kinachonivutia zaidi ni jinsi mfumo ulivyoshughulikia maneno yasiyosemwa. Tuseme mtu ameuliza, "Meli fulani ina urefu gani?", akajibiwa, kisha akaandika jina la meli nyingine tu, basi. Sisi katika mazungumzo hatuoni shida yoyote hapo, kwa kuwa tunajua bado anaulizia urefu, lakini kwa mashine hicho ni kipande cha sentensi kisicho na kitenzi. Programu ya Hendrix ililinganisha kipande hicho na swali lililotangulia, ikaona ni sehemu gani ya swali inayochukua jina la meli, ikalibadilisha jina na kuyaacha mengine yote kama yalivyokuwa.

Haya yaliwezekana kwa sababu sarufi yake haikujengwa juu ya nomino na vitenzi pekee, bali juu ya makundi ya mambo yenyewe: meli, bandari, sifa ya meli. Kwa maoni yangu huo ulikuwa uamuzi wa busara sana, kwani badala ya kuahidi kwamba mashine itaelewa kila kitu, aliichagulia eneo dogo na kulifanyia kazi ipasavyo.

Fundi wa Hifadhidata

Nakubaliana na Mwanaisimu, ila naona hapo hapo ndipo tatizo la kibiashara lilipoanzia. Sarufi iliyojengwa juu ya meli haiwezi kujibu maswali ya mishahara au ya wagonjwa, na mteja wa kawaida hana mwanaisimu wa kumwandikia sarufi nyingine kila anapobadilisha kazi. Mimi mwenyewe niliwahi kutengeneza ukurasa wa kuulizia bidhaa za stoo, nikaandaa maneno "idadi" na "kiasi", na mtumiaji wa kwanza akaandika, "Zimebaki ngapi?" Ukurasa haukumjibu chochote. Tangu siku hiyo nimemheshimu yeyote aliyelikabili jambo hili kwa dhati.

Symantec ilianza kwa msaada wa ruzuku ya Mfuko wa Taifa wa Sayansi wa Marekani, lakini mwaka 1984 iliungana na kampuni ndogo ya C&E Software ya Denis Coleman na Gordon Eubanks, na Eubanks ndiye aliyeshika uongozi. Mwaka uliofuata wakatoa Q&A, programu iliyounganisha hifadhidata na uandishi wa nyaraka, ikiwa na msaidizi aliyeulizwa maswali kwa Kiingereza. Msaidizi huyo alifundishwa msamiati wa data na mwenye data mwenyewe, na kila kitu kilipaswa kutoshea katika kompyuta ya mezani ambayo, chini ya DOS, mfumo endeshi wa wakati huo, ilikuwa na kikomo cha kilobaiti 640 za kumbukumbu, ilhali LADDER ilikuwa imeendeshwa kwenye kompyuta kubwa ya maabara. Kwangu mimi, mtu aliyefanya hivyo hakuiacha sayansi. Aliipitisha kwenye tundu la sindano.

Mdadisi

Nawashukuru sana nyote wawili. Limebaki moja: virusi viliingiaje?

Mwanaisimu

Viliingia kwa njia ya ununuzi na upanuzi wa biashara, wakati Eubanks akiongoza. Kampuni iliuza hisa zake kwa umma mwaka 1989, ikaichukua kampuni ya programu ya Peter Norton Computing mwaka 1990, na mwaka 1991 ikatoa Norton AntiVirus, bidhaa iliyokuja kujulikana kuliko Q&A. Kuhusu jina ulilouliza, mwaka 2019 Broadcom, ambayo asili yake ni utengenezaji wa chipu, ilinunua kitengo kilichohudumia makampuni kwa dola bilioni 10.7, na jina la Symantec likaenda nacho. Sehemu iliyobaki, yenye bidhaa za Norton, ikalazimika kujiita NortonLifeLock.